Acheke Njuga za Malakisi Anayewajua Wajomba Zake

Kila mwaka wa shufwa ukiingia mwezi wa Agosti, barazani kwetu huku pwani hapakosi kicheko. Kijana mmoja atafungua simu yake awaonyeshe wenziwe picha za wavulana wa Bungoma: kifua wazi, shanga zimepishana mabegani, manyoya kichwani, njuga mikononi, na nyuma yao umati wa watu waume kwa wake. Mmoja kavaa gauni la mkewe, mwingine kajipaka unga usoni, wote mbio barabarani na vumbi linatimka. Hapo ndipo maneno huanza. Huyu atasema ni wazimu, yule atasema ni mambo ya bara, na wa tatu, aliyesoma kidogo, atasema huo ni ujahili na wala hapana haja ya kuutazama mara mbili.

Mimi nasema, tuende pole pole. Anayetaka kucheka na acheke, kwani vazi lile kwa kweli lachekesha, na wenyewe hulivaa wakijua kuwa lachekesha. Lakini kabla hajafungua kinywa, na ataje majina ya ndugu zake mama yake wote, wa tumbo moja na wasio wa tumbo moja, na aseme kila mmoja akaa wapi na njia ya kufikia mlangoni kwake ni ipi. Akiyaweza hayo, kicheko chake ni halali yake. Akishindwa, basi yule mtoto wa Malakisi mwenye njuga amemzidi elimu, tena elimu ambayo sisi tumehimizwa na dini yetu tangu tukiwa chuoni na ubao mkononi.

SAFARI YENYEWE

Malakisi ni mji mdogo wa magharibi ya Kenya, katika kaunti ya Bungoma, si mbali na mpaka wa Uganda. Mto wenye jina hilo huteremka kutoka Mlima Elgon, na watu wa huko kwa miaka mingi wamejulikana kwa kilimo cha pamba na tumbaku. Wazee wa Lamu nao wana sababu yao ya kulijua jina hilo. Ni Malakisi ambako tarehe 10 Februari mwaka 1948 askari wa serikali ya kikoloni waliwafyatulia risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa, wakaua watu 11; na kiongozi wa dini hiyo, Elijah Masinde, alihamishwa akaletwa kizuizini Lamu. Basi tusiseme kuwa Malakisi ni mbali na sisi. Historia ilikwisha kutufunga kamba moja zamani.

Nilikuwa huko Agosti ya mwaka 2024, na nilikaa siku za kutosha kuyatazama mambo hayo kwa macho yangu na kuwauliza wazee. Wabukusu hutahiri wavulana wao katika miaka ya shufwa, aghalabu mwezi wa Agosti. Kisu chenyewe ni kazi ya dakika moja au chini ya hapo. Kinachochukua siku ni mwendo: mvulana pamoja na kundi lake huzunguka kwa miguu, nyumba kwa nyumba, kijiji kwa kijiji, kuwaalika jamaa zake waje wamshuhudie. Na huo mwendo, ambao mpita njia huuona kama mbio za watu walioshikwa na pepo, umepangwa kama safari ya chombo kiendacho ng'ambo.

Kwanza, mvulana huomba mwenyewe. Hatiwi, hujitia. Baba yake humkatalia kwanza, humuuliza tena na tena, pengine kwa maneno makali, kama kweli yuko tayari, kwani aibu ya mtoto atakayetetemeka mbele ya kisu itauangukia ukoo mzima. Akishikilia neno lake ndipo hupewa njuga, ambazo kwa lugha yao huitwa chinyimba, pamoja na bangili za chuma. Njuga hushikwa mikononi na kugongwa juu ya bangili hizo, na kazi hiyo yataka mazoezi. Basi kwa majuma kadhaa jioni utasikia mlio wake huku na huku mashambani, na mtu mwenye sauti na kumbukumbu akiwafundisha vijana nyimbo za mwendo.

Pili, wazee huketi na kuandika orodha. Zamani orodha ilikuwa kichwani. Siku hizi nimeiona katika daftari la shule. Aalikwe shangazi gani kwanza? Nani alale wapi usiku wa kwanza? Mto upi uvukwe mchana? Nani ashike usukani wa kundi, nani achunge vijana wadogo wasichoke, nani abebe maji? Kuna jamaa wanaokaa juu milimani upande wa Elgon, na wengine wako ng'ambo ya Lwakhakha ndani ya Uganda, kwani Wabukusu na Wagisu ni watu wa jadi moja, na hao Wagisu nao hutahiri vijana wao miaka hiyo hiyo ya shufwa kwa desturi waiitayo Imbalu.

Tatu, na hapa ndipo nilipotega sikio, wazee huulizana: nyumba gani hatuwezi kuipita? Kwani hapana ukoo usio na ugomvi. Huyu na nduguye walikosana kwa ajili ya mpaka wa shamba, yule hajamaliza kulipa ng'ombe wa mahari, na wa tatu alitukanwa mazishini. Mvulana hawezi kwenda na njuga zake kwenye nyumba ambayo baba yake hasalimiani nayo. Na kutokwenda nako ni aibu, kwa kuwa mlio wa njuga utasikika ukipita mbali na kila mtu atauliza kwa nini. Basi ugomvi hutatuliwa kabla ya mwendo kuanza. Mzee mmoja aliniambia kuwa katika ukoo wake magomvi mengi zaidi yamesuluhishwa na njuga kuliko yaliyosuluhishwa na chifu.

VAZI

Sasa tuje kwenye vazi, maana ndilo linalotuchekesha. Mvulana huvaa shanga alizoazimwa na dada na shangazi zake. Huvaa ngozi au manyoya aliyopewa na mjomba au babu. Huning'iniza filimbi, hujifunga mikanda ya rangi, pengine hupakwa unga au udongo. Hapana kitu hata kimoja mwilini mwake kilicho chake. Ukimtazama kwa makini utaona kwamba ameuvaa ukoo wake wote, na kila anayemwona njiani ataitambua shanga ya fulani na ngozi ya fulani.

Waama, ndani ya mzaha huo mna hekima. Yule kijana kwa siku zile si mtoto tena, na bado si mtu mzima. Hana cheo. Vazi lamwambia hivyo yeye mwenyewe, na lawaambia wanaomtazama. Mtoto wa mwalimu na mtoto wa mchunga ng'ombe wakisha kuvaa njuga hutawatofautisha. Tena vazi ni ahadi. Mtu aliyevaa kama watu wote aweza kubadili nia njiani, akaingia kichakani, akapanda gari akaenda Kitale kwa rafiki yake. Lakini wewe uliyevaa manyoya na njuga zenye mlio utakimbilia wapi? Kila hatua yako yakutangaza. Umekwisha kusema mbele ya wilaya nzima kuwa fulani siku fulani atasimama, na sasa huna budi kusimama.

Na umati ule wa nyuma, wenye magauni na kofia za majani, nao una kazi yake. Njia ni ndefu, jua ni kali, na moyo wa kijana una hofu. Wale wacheshi humwondolea hofu. Yeye mwenyewe hana ruhusa ya kulegea. Wao ndio wachekao na kuchekesha badala yake. Nimeona mtu wa makamo, mwenye heshima zake, amejifunga tambara kiunoni kama bibi kizee, anachechemea mbele ya mpwawe ilimradi mtoto asifikirie miguu yake iliyovimba. Mimi nilipomwona, niliona mapenzi, sikuona upumbavu.

MJOMBA

Kilele cha mwendo ni nyumba ya mjomba, ndugu yake mama. Huko mvulana hufika mwisho, siku moja kabla ya kisu. Mjomba humpokea kwa ukali. Humwambia maneno ya kumtia uchungu, humuuliza kama amekuja kweli au amekuja kula, pengine humzaba kofi. Kisha huchinja mnyama, na kipande cha nyama ya kifuani, kiitwacho luliki, huvishwa shingoni mwa kijana, naye hurudi nacho kwao akiimba. Watu wote wakikiona kipande kile wajua kuwa upande wa mama umeridhika. Mjomba aliyenung'unika, kwa mfano kwa kuwa mahari ya dada yake haikukamilika, aweza kukataa, na hapo patakuwa na maneno makubwa.

Alfajiri ya siku yenyewe kijana hupelekwa mtoni, hupakwa tope la baridi mwili mzima, na ukoka husimikwa kichwani juu ya tope. Hurudi kwao kwa njia nyingine, si ile aliyojia, huku umati ukiimba wimbo uitwao Sioyaye. Husimama uwanjani kwa baba yake, macho mbele, na haruhusiwi hata kupepesa. Wazee husimulia kuwa desturi hiyo ilihuishwa na shujaa aitwaye Mango, aliyemwua nyoka mkubwa aliyekuwa akimaliza watu na mifugo katika pango la kilima cha Mwalie, upande huo huo wa Malakisi. Na kila atahiriwaye huingia katika rika lenye jina. Marika hayo ni manane, nayo huzunguka, hata jina moja hurudi baada ya miaka kama mia. Kwa hiyo mtoto wa leo hupewa jina la rika alilokuwa nalo babu yake babu, na huambiwa: wewe ni wao.

NA SISI JE?

Msomaji wangu wa Mombasa, wa Malindi, wa Vanga, wa Lamu, ataniuliza: haya yatuhusu nini? Yatuhusu kwa sababu sisi tulikuwa nayo ya kwetu, tukayaacha, na hatukuweka kitu mahali pake.

Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapwa na Mjerumani Velten mwaka 1903, ameeleza habari za jando letu: ngariba, kumbi, na vijana kukaa pamoja wakifundishwa adabu. Bibi zetu walikuwa wakitusimulia habari za vijana waliotoka kumbini wakavishwa vizuri na kuzungushwa majumbani kwa jamaa, wakipewa tuzo. Leo mtoto wetu hutahiriwa hospitalini akiwa mchanga, asubuhi moja, na adhuhuri yuko nyumbani amelala. Sharia imetimia, alhamdulillahi. Tohara yake ni sahihi na afya yake imehifadhiwa. Lakini yale mazunguko ya jamaa yamekwenda wapi? Hayakuwa sehemu ya kisu, basi kwa nini tuliyatupa pamoja na kumbi?

Tena tusijifanye kuwa sisi ni watu wa kanzu tu tangu asili. Babu zetu walikwenda bara kwa miguu, na kirangozi aliyetangulia msafara alivaa shuka nyekundu na manyoya kichwani, watu wakamwona kutoka mbali wakajua nani anakuja. Mwaka 1883 Mskochi Joseph Thomson, katika safari iliyomfikisha nchi za Kavirondo na Mlima Elgon, alifuatana kwa sehemu ya njia na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa Pangani. Na Mzungu huyo alijipatia njia kwa Wamasai kwa kuvua na kurudisha meno yake ya bandia, akajifanya mganga mkubwa. Basi mzaha njiani hawakuuanza watu wa Bungoma. Na mjini Mombasa, tangu miaka ya 1890, si watu wetu waliocheza beni, makundi ya Kingi na Skochi, wakavaa sare za kuigiza za askari na maafisa wa Kizungu, wakapiga tarumbeta na kupanda vyeo vya ujenerali? Waliocheka wakati ule walicheka, lakini makundi yale yalizikana, yalisaidiana, yalilishana.

Nitatoa mfano wa karibu. Miaka michache iliyopita nilikuwa matangani katika mtaa mmoja wa Mombasa. Vijana wawili waligombana mbele ya mlango kwa sababu ya pikipiki iliyoziba njia, wakashikana mashati, wakatoleana maneno ambayo kalamu hii haitayaandika. Mzee mmoja akainuka mkekani akawauliza: wewe mtoto wa nani, na wewe mtoto wa nani? Kumbe mama wa huyu na baba wa yule ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja, na maiti aliyelazwa ndani ni bibi yao wote wawili. Vijana wa miaka ishirini na ushei, wakaao mwendo wa robo saa baina yao, wameletwa na mauti kwenye mlango mmoja na hawajuani. Nauliza: ni nani mjinga hapo, mwenye njuga au asiye nazo?

HOJA ZA WAPINZANI

Najua yatakayosemwa. Itasemwa kuwa ninawaita Waislamu kwenye tope, pombe na matambiko. Hasha. Katika mwendo ule mna busaa, na katika nyimbo mna maneno yasiyofaa masikioni mwa muungwana, na mna imani ambazo si zetu. Waislamu wa huko huko Bungoma na Mumias, nao ni wenyeji hasa, hutahiri watoto wao kwa njia yao na hapana anayewalazimisha kuvaa manyoya. Kila mtu na dini yake. Lakini kuunga udugu, ile tuliyofundishwa chuoni kwa jina la silatu-rahimi, si mila ya Wabukusu. Ni amri juu yetu. Na kila aliyesoma Suratul Hujurat anajua yaliyoelezwa humo juu ya kuumbwa mataifa na makabila, na kwa ajili ya nini. Ikiwa asiye na amri hiyo atembea siku tatu kumtafuta mjomba, sisi wenye amri tuna udhuru gani?

Itasemwa tena kuwa nyuma ya njuga hufuata wahuni. Hilo ni kweli, nami silifichi. Nimeona walevi waliojiunga na kundi kwa ajili ya kupora, na wanafunzi waliokuwa wakifuata ngoma usiku kucha. Kuna wanaotumia msimu huo kumkamata mtu mzima wa kabila jingine na kutaka kumtahiri kwa nguvu. Jambo hilo ni jinai, ni dhuluma, na halina mila ndani yake. Wazee wa Malakisi niliozungumza nao hulilaani kuliko sisi. Wao husema kuwa uhuni uliingia pale orodha ilipoacha kuandikwa, pale kundi lilipokosa mkubwa na mtu yeyote akaruhusiwa kufuata. Yaani dawa yao ni mipango zaidi. Hawasemi mwendo ukomeshwe.

Na kisu? Utafiti uliofanywa Afrika Kusini, Kisumu na Rakai, matokeo yake yakatolewa kati ya 2005 na 2007, ulionyesha kuwa tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa UKIMWI na mwanamke kwa kadiri ya asilimia 60. Lakini kisu kimoja kwa vijana wengi chaweza kuleta maradhi yale yale. Kwa hiyo wazazi wengi sasa hudai kila mtoto awe na kisu chake, na wengine hufanya mwendo wote kisha humalizia kwa daktari. Tazameni jambo hilo vizuri: kisu kimekwenda hospitali, mwendo umebaki. Wao wamejua kutenga kimoja na kingine. Sisi tulivitupa vyote viwili, tukaokota kisu peke yake.

Hoja ya tatu ni gharama. Hapo nakubali kwa mikono miwili. Mzazi aliyeuza ng'ombe wa maziwa ili alishe kijiji, na Januari hana karo, huyo amekosea hesabu. Lakini huo ni ugonjwa wa karamu, na sisi wenye harusi za siku saba tusiutibu kwa wengine kabla ya kujitibu wenyewe. Mwendo wa miguu haugharimu kitu. Tena Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 11, imeutambua utamaduni kuwa ni msingi wa taifa. Msingi hauhitaji kuchinjiwa ng'ombe watano.

SHAURI LANGU

Basi nina shauri, na nalitoa kwa wazazi, kwa walimu wa madrasa, na kwa vyama vya vijana. Likizo ya Desemba ikifika, watoto wetu wa kiume wa miaka kumi na miwili hadi kumi na mitano wasiachiwe ufuoni na vichochoroni, ambako wauza unga huwangoja. Wapangiwe mwendo.

Kundi liwe la watoto kumi, si zaidi, na watu wazima watatu wenye kujulikana. Mwendo uwe wa siku tatu au nne, kwa miguu, na uwe mgumu kidogo. Usiwe matembezi ya kula barafu. Mwenye jamaa kisiwani Pate atoke Pate mjini aende Siyu, kisha Tundwa, Faza, hata Kizingitini. Wa kusini aanze Gazi ashuke Msambweni mpaka Shimoni na Vanga. Waanze baada ya sala ya alfajiri, wapumzike jua likiwa kali, walale kwa jamaa wala si hotelini. Maji, dawa na namba za simu viandikwe kabla. Kivuko kiulizwe maji kupwa na maji kujaa. Wazazi wa kila mtoto waketi na daftari, kama wanavyoketi wazee wa Malakisi, waandike: shangazi gani, ami gani, mjomba gani, na nyumba ipi ina ugomvi wa kusuluhishwa kwanza. Nawaambieni, hicho kikao cha daftari peke yake kitafanya kazi kuliko hotuba mia.

Na vazi? Naam, nataka na vazi, tena la kuchekesha, maadamu uchi umesitiriwa. Kila mtoto avae kitu kimoja alichoazimwa na mzee wake: kofia ya ukindu ya babu aliyekuwa mvuvi, kizibao cha ami aliyekuwa baharia, msuli ambao umemzidi urefu mpaka aukunje mara tatu, kikapu cha bibi mgongoni. Watu watacheka. Waacheni wacheke. Kijana atakayeulizwa kizibao hicho cha nani atalazimika kujibu, na akijibu atakuwa amemtaja aliyemtangulia. Tena mtoto wa tajiri na mtoto wa mchukuzi wakiwa wote na misuli mirefu iliyokunjwa, hapana atakayeringa. Sisi tuliotazama mahujaji wetu wakiondoka twajua siri ya vazi moja. Na simlinganishi, nataka radhi, ibada na mchezo, ila nasema hekima ya kuvua cheo njiani si ngeni kwetu.

Atakaponifikia mtu na kuniambia kuwa watoto wa siku hizi hawatakubali kuchekwa, nitamjibu kuwa hilo ndilo linalonitia hofu zaidi. Mtoto asiyeweza kuchekwa na mjomba wake kwa siku tatu atawezaje kusimama mbele ya rafiki mbaya atakayemcheka kwa kukataa unga? Yule mvulana wa Malakisi amechekwa na wilaya nzima, na kofi la mjomba amelipata, na bado amesimama bila kupepesa macho. Huyo akirudi shuleni Septemba hapana wa kumtisha kwa kicheko.

Wahenga wetu walisema mkataa kwao ni mtumwa. Hawakusema akatae kwa ulimi. Mtu aweza kuwakataa kwao kwa kutokwenda tu, mwaka baada ya mwaka, mpaka njia ikaota majani na yeye akawa mgeni kwa damu yake. Desemba haiko mbali. Daftari la shule ni bei ya kikombe cha chai. Leteni kalamu, mwiteni mama wa watoto aketi, na mwanze na jina la kaka yake mkubwa.